Mkalimani wa Michoro ya Mama

Malindi, Unguja
9 Februari 2004

Mdogo wangu Talal,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Iddi imepita salama, mbuzi alikuwa mdogo lakini alitosha. Badriya wa nyumba ya pili kaposwa na mtu wa Pemba, na mama yake anatembea Malindi nzima kama aliyeposwa yeye. Mama yetu anakusalimu. Amehamia chumba cha chini, anasema ngazi zimekuwa ndefu.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta uliyotuletea kwa meli ilifika tarehe 29 Januari bila ya mkwaruzo. Ile ya zamani, kama nilivyokwambia kwa simu kabla salamu hazijamaliza dakika zote, iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ismail wa duka la kompyuta Darajani aliitoa diski yake, nzima, akaitia ndani ya hii yako. Faili za michoro ya mama zimo zote. Ila hazifunguki. Nikibofya, kompyuta inaniuliza nataka kuzifungua kwa programu gani, kama kwamba mimi ndiye fundi na yeye ndiye mgeni.

Ismail alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, "Bi Asila, ndugu yako kakuletea Linux. Programu yako ya kudarizi ni ya Windows. Hapa umepewa pasi ukaambiwa upikie biriani." Akasema atanifutia kila kitu, anitilie Windows, jioni nichukue. Nikamuuliza hiyo Windows kaipata wapi. Akanionesha diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino.

Hali unaijua. Makaratasi ya mama mchwa waliyala masika ya mwaka juzi, pamoja na sanduku. Michoro yake ya kofia haipo popote ulimwenguni ila ndani ya faili hizi, na faili hizi haziwezi kufunguliwa ila na programu uliyoninunulia mwenyewe mwaka 1998, ambayo kampuni yake huko Ulaya imeshafunga mlango. Walimu wa chuo cha Qur'ani cha Fumba wanataka kofia tatu za viua, zile za matundu, kwa ajili ya Maulidi, mchoro wa mama na si mwingine. Mwanakheir na wenzake wa Jambiani wameshakata kitambaa, wanangoja karatasi waanze kushona. Michoro hii ikipotea, nyumba hii haina tena kazi, na mama hana tena alama.

Wewe ndiye uliyesoma. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Asila


Maskati
28 Februari 2004

Da Asila,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yangu na umbusu mkono kwa niaba yangu. Baridi ya huku imekwisha, bosi ni yule yule. Salem anayekuja na barua hii nimempa halua mbili, moja ya mama na moja ya kuwanyamazisha majirani.

Ismail mwambie akacheke kwao. Mtu ambaye riziki yake ni kunakili diski za wizi hawezi kunifundisha kitu. Sitaki Windows ya wizi ndani ya nyumba ya mama, na ya kununua sinunui. Linux ni huru. Mtu yeyote anaweza kuona ilivyotengenezwa, kuirekebisha na kumpa jirani, wala hakuna kampuni itakayofunga mlango ikakuacha nje. Wewe umefungiwa nje ya michoro ya mama yako mwenyewe, na bado unamsikiliza Ismail.

Dawa ipo, inaitwa Wine. Si pombe, usianze. Inakaa katikati. Programu ya Windows inaomba kitu kwa lugha yake. Wine inalipokea ombi, inalipeleka kwa Linux kwa lugha ya Linux, kisha inarudisha jibu. Programu yako haitojua kama imehama nyumba. Hatua zote nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Linakili lile folda la programu kutoka diski ya zamani, liweke nilipoonesha, uandike amri kama ilivyo. Mtoto wa darasa la tano angeweza.

Au kama unaona taabu, mwambie mama achore upya. Yule akikaa na penseli yake, mchoro mmoja haumalizi siku.

Ndugu yako,
Talal


Malindi
20 Machi 2004

Mdogo wangu Talal,

Waalaykum salaam. Halua tumeipata, ya majirani haikuwanyamazisha. Badriya ataolewa baada ya Maulidi.

Barua yako nilimsomea mama. Siku hizi anapenda kusomewa. Nilipofika kwenye jina la programu nililimeza, nikasema inaitwa Mkalimani. Baba aliishi humu miaka arubaini bila ya jina la kinywaji kile kutamkwa mezani, sitaanza mimi kwa ajili ya kofia. Kwa hiyo fatwa yako ni kuwa Windows ya Ismail ni haramu na Wine ni halali. Nimeiandika kwenye shajara yangu, nisije nikasahau niliisikia kwa nani.

Karatasi yako ya pili ina hatua tisa, na nimezifuata zote kwa siku tatu, moja baada ya moja, nikiandika jibu la kila hatua. Jibu ni moja tu: amri haijulikani. Nikamwita kijana wa ofisi ya bandari anayejua Linux. Akatazama kidogo akaniuliza, "Bi Asila, huyo Mkalimani mwenyewe yuko wapi?" Hayumo. Hukumtuma. Umemwandikia mtu mapishi ya pilau, hatua tisa, kwa mwandiko mzuri kabisa, ukasahau kuwa hana mchele. Mtoto wa darasa la tano angekuuliza mapema kuliko mimi.

Kuhusu mama kuchora upya, hapo pia nilimsomea. Akasema niandike kuwa yeye hajambo na kwamba hachori. Akasema mengine nisiandike. Basi siandiki.

Maulidi ni mwanzo wa Mei. Mwanakheir anauliza kila wiki.

Asila


Maskati
3 Aprili 2004

Da Asila,

Shikamoo nyingi. Diski ya Mkalimani wako hiyo ndani ya bahasha. Nilidhani kompyuta imekuja naye, wengine huja naye. Si kosa la kuandikiwa khutba.

Nimeijaribu mwenyewe hapa, inakwenda kama maji. Fuata zile zile hatua tisa.

Mama hachori tangu lini? Mtu aliyekuwa akichora mpaka kwenye mabahasha ya barua zangu. Mwambie kujivuna kwa uzee hakumpendezi. Na hilo la kusomewa nalo jipya. Ile miwani niliyomletea iko wapi? Mwambie aivae asome mwenyewe, maana wewe ukisoma unasoma kama taarifa ya habari ya vifo.

Talal


Malindi
26 Aprili 2004

Talal,

Salamu zako zimefika. Mama hajambo. Miwani iko ndani ya kikasha chake.

Programu ilifunguka tarehe 11 Aprili. Niliiona michoro yote, mmoja mmoja, na rangi zake. Nilimwita mama nikamwambia ipo. Akasema alhamdulillahi, akaketi karibu yangu mpaka nikamaliza yote. Nakwambia hili ili ujue kuwa sikatai wema wako. Sasa sikiliza mengine.

Unakumbuka programu ile imetengenezwa kwa ajili ya mabibi wa Ulaya wanaodarizi mawaridi ya rangi. Kofia yetu ni nyeupe juu ya nyeupe. Kwa hiyo nilijipangia mwenyewe tangu mwanzo: nyekundu ni tundu, buluu ni mshono wa kujaza, kijani ni kitambaa kiachwe kama kilivyo. Printa yetu haina rangi, programu huchapa alama badala yake. Mshono wa kujaza ni msalaba, pa kuacha ni nyota, na tundu ni kisanduku kitupu, kwa sababu tundu ni kitu kitupu. Mwanakheir amesoma hivyo miaka yote.

Nilichapa mchoro wa walimu wa Fumba. Gari ya Jambiani ilikuwa inaondoka, nikaikunja karatasi nikaitia bahasha. Juzi Mwanakheir kaja mwenyewe, kafunga kofia ndani ya kanga. Akaiweka mezani akasema, "Bi Asila, hii kofia au kung'uto la kuchujia tui?"

Talal, ilikuwa matundu matupu. Hapana ua, hapana jani, hapana mstari. Nikaitazama karatasi: visanduku vitupu kutoka ukingo hadi ukingo. Misalaba yote na nyota zote zimegeuka visanduku. Nikamuuliza Mwanakheir, na yeye hakuona? Akasema, "Niliona. Nikajua mumetoa fasheni mpya. Si nyinyi wenye kompyuta?" Wiki mbili za macho yake zimekwenda hapo.

Mama aliiomba. Aliipitishia vidole mzunguko mzima, taratibu, kisha akaniuliza, "Nani kaitoboa hivi?" Nikasema Talal.

Umeandika kuwa umeijaribu. Diski ya programu ya kudarizi iko kabatini mwangu, chini ya vyeti vya baba, na haijatoka humo tangu 1998. Wewe ulijaribu kitu gani?

Walimu wa Fumba watavaa kofia za mashine kutoka China usiku wa Maulidi. Wamesema hapana neno. Mimi nina neno.

Asila


Maskati
15 Mei 2004

Da Asila,

Shikamoo. Natumai Maulidi yalikuwa mazuri, hata kwa walioyasoma chini ya kofia za China.

Nilijaribu mchezo wa karata. Ni programu ya Windows kama yako, na unakwenda. Haya, cheka wewe na Ismail wako.

Kosa nimelipata. Nilikwambia unakili folda. Nilipaswa kukwambia uisakinishe programu upya kutoka diski yake yenyewe. Inaposakinishwa huweka alama zake za kuchapia mahali pengine kabisa, katika ghala la herufi. Wewe umeihamisha programu bila ya alama, na kompyuta isipokuwa na alama huchapa kisanduku kitupu kumaanisha kuwa hapa pana kitu sikijui. Ulimwengu mzima unajua hivyo. Ila wewe peke yako, Da Asila, katika ulimwengu mzima, ndiye uliyeamua kuwa kisanduku kitupu ni tundu. Fundi wa programu hata akiwa na homa haoti hilo.

Tia diski yake, mwite Mkalimani (hata mimi nshaanza kumwita hivyo), mwache aisakinishe mwanzo mpaka mwisho. Halafu chapa, na safari hii itazame karatasi.

Mama angeitupia jicho mara moja tu ile karatasi, kosa lisingetoka mlangoni. Au siku hizi hata kutazama anaona tabu?

Talal


Malindi
19 Juni 2004

Mdogo wangu Talal,

Assalaam alaykum. Badriya ameolewa, yuko Wete, mama yake sasa anatembea Malindi nzima akilia.

Alama zimerudi. Nilichapa mchoro mmoja nikauweka pembeni ya kofia ya marehemu baba iliyoshonwa kwa mchoro huo huo, nikafuata tundu kwa tundu. Sawasawa. Ndipo nikampelekea Mwanakheir, na safari hii alinitaka nimwapie. Walimu wa Fumba wamesema watazichukua kofia zao kwa ajili ya Iddi. Kazi imerudi nyumbani, na kwa hilo nakushukuru, ingawa ulitupitisha njia ya mbali.

Ismail alikuja kuangalia. Akasimama, akatazama, akasema, "Bahati." Kisha akaniomba nakala ya Mkalimani. Nilimpa, maana wewe ulisema ni halali kumpa jirani. Sasa anaiuza, na anawaambia watu kaitengeneza yeye.

Swali la mwisho la barua yako sikumsomea mama.

Asila


Maskati
10 Julai 2004

Da Asila,

Shikamoo kwako na kwa mama.

Kwa hiyo nilikuwa na haki. Nilisema tangu Februari, mkanicheka mtaa mzima: Ismail, Mwanakheir, kijana wa bandari. Windows mliyokuwa mkiililia iko wapi? Hapana aliyehitaji. Michoro ya mama inafunguka leo, na itafunguka siku ambayo Ismail atakuwa anauza maji ya ukwaju. Ningekuwa mtu wa kudai shukurani ningedai, lakini nadai kitu kingine.

Nataka kofia ya Iddi. Si ya michoro ile, ile kila kichwa cha Unguja kinayo, hata bosi wangu hapa ana mmoja, kanunua sokoni Matrah hajui umetoka wapi. Nataka mchoro mpya, wa mama, usiovaliwa na mtu. Achore, wewe uutie kwenye kompyuta, unichapie niuone kabla haujashonwa. Mwambie mwanawe kamuomba. Kwangu hatokataa.

Talal


Malindi
14 Agosti 2004

Mdogo wangu Talal,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu. Mchoro uliotaka ni huu ndani ya bahasha. Kipande cha mfano Mwanakheir ameshaanza kukishona.

Asila


Maskati
29 Agosti 2004

Da Asila,

Mchoro nimeupata. Nimeubandika ukutani nikautazama siku kadhaa. Si wa mama.

Nusu ya kulia na nusu ya kushoto ni kitu kimoja. Umechora nusu, ukaiambia programu igeuze. Mama hajapata kuchora nusu mbili zilizo sawa. Katika kila mchoro wake, upande mmoja pana jani au jicho la ua ambalo upande wa pili halipo, na ukiliondoa kofia nzima inalala. Nilimuuliza nilipokuwa mdogo, akasema mtu hana mashavu mawili sawa, kofia iwe nayo kwa nini.

Nimezipanga barua zako sakafuni nikazisoma upya zote. Mama kahamia chini. Mama anasomewa. Mama hachori. Miwani iko ndani ya kikasha. Kofia ya matundu aliijua kwa vidole.

Da Asila, mama haoni?

Talal


Malindi
18 Septemba 2004

Mdogo wangu Talal,

Naam. Haoni.

Jicho la kushoto lilizimika Aprili mwaka jana, la kulia likafuata Oktoba. Daktari alisema ni presha ya macho, tulichelewa. Shajara yangu ina kila tarehe, ukija kuzitaka utazipata. Hukuambiwa kwa sababu alinishika mkono akanitaka ahadi. Mwaka aliofariki baba uliacha kazi Dubai, ukaja ukakaa barazani miaka miwili ukitufundisha namna ya kuishi. Alisema hana nguvu za kuyapitia tena. Nami nilikubali upesi, sikufichi.

Barua zako zote nilimsomea, isipokuwa lile swali moja la Mei. Uliposema mama anajivuna, alicheka. Uliposema achore upya, mchoro mmoja haumalizi siku, hakucheka. Ulikuwa umekaa Maskati na macho yako mawili, ukatuandikia kuhusu uhuru, na kuhusu watu wanaofungiwa nje ya vitu vyao. Mimi nilikuwa nakusoma kwa sauti, na yeye anatikisa kichwa kila unapoweka nukta. Nimekukasirikia mwaka mzima, na adabu ilinitaka nianze kila barua kwa salamu.

Kuhusu mchoro, umenikamata. Nilidhani nitakudanganya wewe, na labda yeye. Mwanakheir alipoleta kipande cha mfano nilimpa mama mkononi, nikamwambia ni wa zamani. Alikipitishia vidole. Akaniuliza, "Nani huyu mvivu?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Najua. Kiti changu kilete hapo kwenye mashine yako."

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri, anakaa pembeni yangu na kitambaa magotini kilichochomekwa pini. Anahamisha pini, anapapasa, anasema: hapa tundu, hapa jaza, hapa acha, usifuate upande ule, nani kakwambia ufuate. Mimi nabofya. Programu ya Ulaya imezoea mawaridi yaliyonyooka, kila mara inaniuliza kama nina hakika. Nikimwambia mama, anasema iambie inyamaze. Mkalimani hasemi kitu. Nimeanza kumheshimu kuliko wengi.

Mchoro wa pembeni umekwisha. Sijapata kuona mwingine kama huo, wala sitokusifia, utauona. Limebaki duara la juu, na hilo halianzi bila ya kipimo. Nilimwambia nitakuandikia ujipime kichwa kwa uzi uutie ndani ya barua. Amekataa. Anasema kichwa hicho tangu kilipoingia Linux lazima kimevimba, na wewe ukijipima mwenyewe utajipunguzia. Atakipima kwa mikono yake.

Nilimuuliza kama anajua maana ya maneno hayo, kuwa itabidi uje mwenyewe, kwani mimi nna ahadi niliyompa na sitaivunja mpaka aniachie. Nilimuuliza tena, nisije nikaandika kitu akakikana.

Akasema, "Najua nnachosema. Andika."

Dada yako,
Asila